Mawe ya Foleni na Mlango wa Pembeni

Niliporudi kutoka Ujerumani ya Mashariki na stashahada yangu ya upigaji picha, watu wa mtaa wetu, nyuma ya Barabara ya Msimbazi, waliniuliza jambo moja tu: miaka yote ile nilikuwa nasomea nini hasa? Kupiga picha si kubonyeza? Niliwajibu kwamba kubonyeza ni kazi ya kidole, na kidole hakihitaji kupanda ndege. Mimi nilikwenda kusomea jicho. Walicheka, wakaangaliana, na tangu siku ile nikajua kuwa ninaangaliwa.

Sikushangaa. Nilizaliwa Buguruni katika chumba cha kupanga. Nilianza kwa kufagia na kuosha trei za dawa katika studio ya mtu mjini, nikajifunza kusafisha filamu kwa kuchungulia, nikaomba nafasi ya masomo mwenyewe na kuipata mwenyewe. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Mtu wa namna hiyo akirudi na suruali iliyopigwa pasi na kamera mbili shingoni, katika miaka ambayo hata kipande cha sabuni kilikuwa cha kutafutwa, lazima watu wajiulize amezipata wapi na anamfanyia nani kazi. Ilikuwa miaka ya kuwa macho. Redio ilituambia tuwe macho, tawi la chama lilituambia tuwe macho, na balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa macho hata alipokuwa anasinzia kwenye kiti chake barazani.

Nilipanga chumba cha mbele, nikakifanya studio, stashahada nikaitundika ukutani mahali ambapo mteja akikaa kupigwa picha ataiona tu. Wapiga picha wengine wa Kariakoo walikuwa na mtindo mmoja. Mteja anasimamishwa katikati, mbele ya pazia lililochorwa ndege au maua, anaambiwa atulie, taa inawaka, kwisha. Kila mtu katikati, wima kama msumari. Mimi nilifundishwa kwamba katikati ndipo picha nyingi hufia. Igawe fremu kwa mistari miwili ya kusimama na miwili ya kulala. Pale mistari inapokutana ndipo jicho hupenda kutua. Kisha tafuta njia ya kulifikisha jicho pale: ukingo wa ukuta, reli, kamba ya nguo, kivuli. Jicho ni mgeni, halijui mji, lionyeshe njia. Sikumwona mtu mwingine mtaani kwetu aliyekuwa akifanya kazi hivyo, na ninayasema haya bila aibu.

Lakini kazi hiyo haifanyiki ndani. Nilikuwa natoka asubuhi, nasimama barabarani nikiwa nimeunganisha vidole vyangu kuwa kama dirisha, nafumba jicho moja, nasogea kushoto, narudi, napiga magoti. Wakati mwingine nilisubiri kwa muda mrefu mpaka kivuli kifike nilipokitaka, kisha nikaondoka bila kupiga, kwa sababu filamu niliyokuja nayo ilikuwa ndiyo hiyo hiyo, na nyingine haikuwapo madukani.

Balozi alinifuata siku moja nikiwa katika hali hiyo.

"Ndugu, unapima nini?"

"Sipimi, balozi. Napanga picha."

"Picha ya nini?"

"Ya kivuli cha ile nguzo."

Aliitazama nguzo, akatazama chini. "Ile ni nguzo ya umeme. Nguzo ya umeme ni mali ya nani?"

"Ya umma."

"Na kivuli chake?"

Chuoni hawakutufundisha hilo. Aliondoka akigeuka nyuma kila baada ya hatua chache, nami nikabaki nikijiuliza nani amemtuma. Nilihisi kuwa wapo waliokitaka chumba changu. Nilikuwa nikimsalimia mtu huku nikimchunguza, naye ananijibu huku akinichunguza. Ndivyo tulivyoishi, na bado tulikuwa tunaazimana chumvi.

Picha iliyoleta balaa niliiona kwenye foleni ya duka la ushirika. Duka hilo lilikuwa kwenye kona, na mlango wake ulikuwa umeingia ndani kidogo, nyuma ya nguzo nene ya baraza. Habari zikisambaa kwamba kesho kuna sukari au unga, watu hawakulala pale. Waliweka mawe. Kila kaya ilikuwa na kitu chake cha kushikia nafasi: tofali lililovunjika, kopo lililojazwa mchanga, kikapu kikuukuu, bamba la gari. Kitu hicho kilikuwa wewe. Hakuna aliyethubutu kukiruka au kukisogeza, na kila mtu alikijua chake kama anavyojua kiatu chake. Mama mmoja jirani yangu, aliyekuwa akiuza maandazi na kwa hiyo sukari kwake ilikuwa maisha, alikuwa na nusu ya tofali la saruji alilolifunga kipande cha khanga. Akiamka alikuwa anakwenda kulitazama kwanza kabla ya kupiga mswaki.

Asubuhi moja jua lilipochomoza nyuma ya mapaa niliona mstari wote ule wa mawe umelala barabarani, kila kitu na kivuli chake kirefu, hakuna mtu hata mmoja. Nilirudi ndani nikachukua lenzi ndefu, nikaenda mwisho kabisa wa foleni, nikalala kifudifudi na kuiweka kamera chini, karibu na ardhi. Mawe ya mbele yakawa makubwa kama watu, ya nyuma yakapungua na kupungua, yakapinda kidogo, na jicho likaongozwa nayo moja kwa moja hadi mwisho. Kibao cha duka la ushirika kilikuwa kinaingia kwenye pembe. Nikakitoa, kwa sababu maandishi huiba jicho. Lakini mstari ule ulihitaji mahali pa kufikia, na nguzo ya baraza haikuwa na uzuri wowote.

Ng'ambo ya barabara, nyuma kabisa, palikuwa na nyumba ya mzee mmoja Mwarabu, mwenye duka la viungo, kandili na nyuzi. Duka lake lilielekea mtaa wa pili. Upande wetu ulikuwa ukuta mrefu mchafu wenye mlango mmoja wa pembeni uliopakwa chokaa. Nilisogea kidogo tu kulia, na mlango ule mweupe ukaja ukasimama mwisho wa mawe, pale pale mistari inapokutana. Kisha, kama mtu aliyeitwa, mzee akatoka na kanzu yake, akasimama kizingitini, mkono mmoja kwenye komeo, kichwa kakigeuza. Nikabonyeza mara moja. Sikuhitaji mara ya pili.

Niliisafisha siku hiyo hiyo, nikaichapa kubwa kadiri karatasi ilivyoruhusu, na kuiweka dirishani mwa studio. Mpaka leo nikiitazama najua kuwa sijapiga nyingine ya kuishinda, na nimepiga nyingi nzuri.

Wa kwanza kusimama dirishani alikuwa mama wa maandazi. Nilidhani anavutiwa. Alikaza macho, akaweka karai lake chini, akasogeza pua mpaka kwenye kioo.

"Hili si jiwe langu?"

"Ndilo, dada," nilisema kwa fahari. "Umeonaje?"

"Naona jiwe langu. Naona na kopo la mwenye nyumba wangu. Naona mawe yote ya mtaa huu yako mlangoni kwa mzee." Akanigeukia. "Yamekwenda lini kule?"

"Hayajakwenda. Huo ni mpangilio. Ni mistari inayoongoza jicho."

"Jiwe langu ndilo limeongozwa!" Akapiga kelele kuita wenzake. "Njooni muone! Sisi tunalala, mawe yetu yanakwenda kwa mzee kuchukua sukari!"

Walijaa dirishani. Kila aliyefika alitafuta jiwe lake, na kila aliyelipata alikasirika. Ndani ya dakika chache hadithi ilikuwa imekamilika: kuna mtu anayehamisha mawe alfajiri kuyapeleka mlango wa pembeni, mzee anatoa kwa magendo sukari ya ushirika kwa kutumia nafasi za watu, kisha mawe yanarudishwa. Ndiyo maana duka la ushirika linaishiwa kabla ya foleni kufika katikati! Mtu mmoja akadai kuwa hata asubuhi ile alilikuta tofali lake limegeuka upande. Nilijaribu kueleza kuhusu urefu wa lenzi. Mtu akasema, "Yaani ulikwenda Ulaya kusomea mawe?" Wakacheka, lakini cheko lile halikuwa la furaha.

Balozi alikuja akaitazama picha kwa muda, mikono nyuma. Halafu akaitoa dirishani, akaiweka kwapani. "Hii itakaa tawini," alisema. "Na wewe usisafiri."

Wakati ule neno mlanguzi lilitosha kumfungia mtu duka. Tawini waliamua kwamba siku inayofuata, duka la ushirika likishafunguliwa, mgambo watakwenda kwa mzee kukagua, na watapitia mlango ule ule unaoonekana kwenye picha. Wakikuta kitu, leseni imekwenda. Mzee alijibu kwamba wakague duka lake kwa mbele gunia kwa gunia, wafungue kila mtungi, lakini mlango wa pembeni hapana. Jibu hilo ndilo lililomharibia. Waliosita hapo mwanzo wakaamini.

Alikuja studio jioni ile kabla ya magharibi. Nilikuwa sijawahi kumwona upande wetu wa barabara.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Hakukaa. Aliiangalia stashahada, akaangalia pazia, akaangalia kamera, kama mtu anayetafuta ni kipi kati ya vitu hivyo kilichomuuma. "Mwanangu, mimi nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, mzee. Ile ni picha tu."

"Picha tu. Nyuma ya mlango ule wanakaa wanawake wa nyumba yangu. Mke wangu, mabinti, na mama mkwe ambaye hatoki kitandani. Tangu wakati wa marehemu baba, mwanamume wa nje hajapita pale. Mimi mwenyewe, mwenye nyumba, nabisha hodi. Leo waingie mgambo na buti? Leseni wachukue, nitauza hata karanga. Lakini wakipita mlango ule, nimekwisha."

"Asubuhi ile ulikuwa unafanya nini pale mlangoni?" nilimuuliza. Sikuweza kujizuia.

Alinitazama. "Na wewe?"

"Nauliza tu."

"Nilikuwa nafunga mlango wangu. Paka huingia." Akaelekea kutoka, kisha akasimama. "Wewe umeileta foleni mlangoni kwangu. Wewe uiondoe."

Alipoondoka nilichukua negativu ya picha ile, nikaitazama kwa kioo cha kukuzia juu ya taa. Mkono kwenye komeo. Kichwa kimegeuka, kama anayehakikisha haonekani, au kama anayemtafuta paka. Niliitazama mpaka jicho likauma. Picha yangu ilikuwa safi kila pembe, lakini haikuweza kuniambia kama mzee ni mkweli. Hata hivyo, jambo moja nililijua kwa hakika, na nilikuwa peke yangu mtaani niliyelijua: mawe hayakuwa pale. Mgambo wangeingia katika nyumba ya watu kwa kufuata mstari nilioupanga mimi.

Nilikwenda kwa balozi nikamwomba kitu kimoja. Asubuhi, mawe yakiwa bado yamepangwa na duka halijafunguliwa, aje kwanza kwangu, na walalamikaji waje naye.

"Utatuonyesha nini?"

"Nitawaonyesha picha kabla haijapigwa."

Alinitazama kama aliyesikia uchawi. Lakini alikuja. Ni nani ambaye asingekuja?

Nilitandika gunia mwisho wa foleni, nikaweka kamera chini mahali pale pale, lenzi ile ile. Watu walikuwa wengi, mgambo wawili wakiwa wameegemea ukuta. Nilimwomba mzee asimame kizingitini kama siku ile. Alisimama, uso kama umekunjwa na kufungwa.

"Balozi, karibu ulale."

"Nilale wapi?"

"Hapo kwenye gunia."

Balozi alikuwa mtu wa mwili, na siku hiyo alivaa suti yake ya mikono mifupi. Alishuka kwa awamu, goti kwanza, kisha kiwiko, watu wakijifanya hawacheki. Akaweka jicho kwenye kamera. Kisha akanyanyua kichwa akatazama barabara kwa macho yake mwenyewe. Akarudi kwenye kamera. Akanyanyua tena.

"Mlango umekuja," alisema. Akatazama. "Umerudi."

"Umekuja tu ndani ya kamera, balozi. Usiniamini mimi. Dada," nikamwambia mama wa maandazi, "tafadhali, tembea kando ya mawe mpaka la mwisho, usimame."

"Jiwe langu silisogezi!"

"Usisogeze kitu. Tembea tu."

Alitembea, mkono kiunoni, akimtaja mwenye kila jiwe kwa sauti: hili la fulani, hili la fulani. Alipofika jiwe la mwisho, karibu na nguzo ya baraza ya duka la ushirika, akasimama. Balozi bado alikuwa chini, jicho kwenye kamera.

"Haya, amefika kwa mzee!" balozi akapaza sauti. "Wako pamoja! Mama, hebu mguse mzee begani!"

Mama wa maandazi akageuka, akamtazama balozi aliyelala kule mwisho wa barabara. "Nimguse nani?"

"Mzee! Si huyo hapo ubavuni kwako!"

"Balozi, umekunywa nini asubuhi hii? Mzee yuko ng'ambo kule! Namgusaje, mkono wangu upawa?"

Mtaa wote uliangua kicheko, na safari hii kilikuwa kicheko cha kweli. Gari la maji taka likapita katikati yao, kati ya mama wa maandazi na mzee, barabara nzima ambayo kwenye picha haikuwapo. Balozi aliliona kupitia lenzi likikatiza pale alipodhani hapana hata nafasi ya mkono, akaruka kama limemgonga. Mgambo mmoja aliomba naye alale. Kisha wa pili. Kisha watu wakapanga foleni ya kuja kutazama foleni, na sikukataa mtu. Kwa kila mmoja nilieleza: kamera ikiwa chini, ardhi inakunjwa, lenzi ikiwa ndefu, ya mbali na ya karibu yanabanana, ukitoa kibao, jicho halina wa kulisahihisha. Lilikuwa somo bora kuliko mengi niliyopewa chuoni.

Balozi alijipangusa vumbi, akasema kwa sauti ya tawini: "Mzee hana kosa. Mlango ule usiguswe."

Nilimtazama mzee. Hakutabasamu. Aliingia ndani, na kabla ya kuingia alibisha hodi.

Nilitegemea sifa. Nilistahili, na sioni kwa nini nijifanye vinginevyo. Lakini balozi hakuwa amemaliza.

"Kwa hiyo, ndugu, wewe unaweza kuchukua mlango wa mtu ukaupeleka unakotaka."

"Kwenye picha tu."

"Na watu wanaokaa mbali na hapa, wakiiona hiyo picha, watajua nini?"

Mama wa maandazi naye alikuwa amerudi, na alikuwa na swali lake. "Kaka, na ile paspoti saizi uliyonipiga mwezi uliopita. Mle nimekaa kwangu, au kwa jirani?"

Wiki zile wateja walipungua. Waliokuja waliniambia, "Nipige kawaida, katikati, usinipange." Mmoja alileta nduguye amsimamie wakati wa kupigwa. Niliwapiga katikati, wima kama msumari, na kila nilipobonyeza nilihisi chuo kizima kinanitazama kwa masikitiko.

Kisha asubuhi moja nilisikia nyundo ng'ambo ya barabara. Fundi alikuwa anaung'oa mlango mweupe. Matofali na mchanga vilikuwa vimemwagwa kando. Nilivuka.

"Shikamoo, mzee. Wameshakusafisha. Kwa nini unauziba?"

"Marahaba. Wamenisafisha leo," alisema. "Kesho watakuja wengine ambao hawakulala kwenye gunia." Alinitazama mikononi, akaona sikuja na kamera, bega lake likashuka kidogo. "Wanawake lazima wapate mlango. Fundi anasema tuuweke kule, pembeni mwa kisima. Mimi nimesema asubiri. Nilitaka kukuita."

"Kuniita mimi?"

"Wewe ndiye unayejua. Ukisimama barabarani, ukisimama sokoni, ukilala popote unapolala, mlango ukiwa kule, utaonekana ni wa nani? Utaungana na nini?"

Fundi alikuwa amesimama na mwiko mkononi, saruji inakauka kwenye karai. Nilitaka kusema kwamba ukiwa na lenzi ya kutosha hakuna mlango mjini usioweza kuunganishwa na kitu. Ilikuwa kweli, na ningeisema mbele ya walimu wangu bila kusita. Nilimtazama mzee usoni, nikaunganisha vidole vyangu kuwa dirisha, nikafumba jicho moja. Kutoka kona ya ushirika, hapana. Kutoka kwenye kituo cha maji, ungeungana na geti la jirani. Nikapiga magoti, nikasogea, mwisho nikalala kwenye vumbi na suruali yangu ya pasi, watu wakianza kukusanyika tena na balozi akiinuka kwenye kiti chake.

"Sogeza kulia," nilimwambia fundi kutoka chini. "Tena. Nyuma ya ule mpapai. Hapo."

Mzee aliinama karibu na sikio langu. "Una hakika?"

"Nina stashahada, mzee."

Hakucheka. Alikunja kanzu yake, akalala chini kando yangu, akafumba jicho moja, akaangalia mwenyewe.